Je, Wajua? Mota Iliyojificha Ndani ya Gurudumu

Baiskeli ya umeme ikikupita Outer Ring Road, Nairobi, itazame gurudumu la nyuma kabla haijafika mbali. Mahali penye habu nyembamba ya baiskeli ya kawaida, mara nyingi pana kopo nene la alumini, na humo ndimo mota ilimo. Hakuna injini chini ya kiti, hakuna ekzosi, hakuna cheni ya ziada. La kushangaza zaidi halionekani kwa macho: ekseli inayopita katikati ya kopo hilo haizunguki hata kidogo. Imebanwa kwenye fremu kwa nati mbili, na ina tundu linalopitisha waya hadi ndani. Kinachozunguka ni kopo lenyewe, likibeba spoki, rimu na tairi.

Humo ndani, koili za waya wa shaba zimefungwa kwenye kiini kisichosogea, zikizungukwa na sumaku kali. Koili ziko makundi matatu. Kisanduku kinachoitwa kontrola hulipa umeme kundi moja, kisha la pili, kisha la tatu, kwa kasi isiyofuatika kwa jicho, na sumaku huikimbilia zamu hiyo bila kuikamata. Vihisio vitatu vidogo huiarifu kontrola sumaku zimefika wapi. Hakuna brashi za kaboni za kusagika. Kwenye mota ndogo za wati 250, sumaku huzunguka mara nne au tano ndipo gurudumu limalize mzunguko mmoja, maana katikati kuna giya ndogo, nyingi zikiwa za nailoni. Mtu mzima asiye mwanariadha akikanyaga saa nzima hutoa wati 75 hadi 100 hivi. Ukiwasha mota hiyo, basi, umeongezewa miguu ya watu wawili au watatu.

Wala si uvumbuzi wa juzi. Tarehe 31 Desemba 1895, Ogden Bolton wa Canton, Ohio, nchini Marekani, alipewa hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma na betri ya volti 10 iliyoning'inia katikati ya fremu. Ukiuona mchoro wake utadhani umechorwa na mtu aliyeziona baiskeli za leo. Alichokosa Bolton ni betri ya maana. Za wakati wake zilikuwa za risasi, nzito, na nguvu yake iliisha upesi. Wazo likangoja karibu karne nzima, hadi kampuni ya Sony ilipoanza kuuza betri za lithiamu-ioni mwaka 1991. Wanasayansi watatu walioweka msingi wa betri hizo, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019.

Sasa tuseme umenunua baiskeli hiyo, na boksi lake limefika Umoja, au Komarock, au orofa ya tano kule Pipeline kusiko na lifti. Lina kilo 25 hadi 30, na kazi kubwa imeshafanywa kiwandani. Gurudumu la nyuma limo kwenye fremu. La mbele limefungwa ubavuni kwa kamba za plastiki, usukani unaning'inia kwa waya za breki, na pedali, chaja na funguo za betri zimo kwenye kijiboksi kidogo ambacho wengi hukitupa pamoja na takataka. Ukiwa na spana, funguo za aleni na bomba la upepo, jioni moja yatosha.

Wanunuzi wengi hushika roho mkononi wakifika kwenye waya. Hofu hiyo wameielekeza pasipo. Viunganishi vya baiskeli hizi vina rangi na mishale. Unalinganisha mshale na mshale, unasukuma, basi. Kisichoingia kwa urahisi si chake. Hatari imejificha kwenye vitu ambavyo babu zetu waliokuwa wakiendesha baiskeli za Black Mamba kwenda kazini Industrial Area walivijua bila kusoma popote: nati, breki na spoki.

Anza na uma wa mbele. Ili boksi liwe dogo, kiwanda huugeuza kinyumenyume, na mtu akifunga gurudumu vile alivyoukuta, baiskeli huenda lakini usukani hutapatapa na mguu hugonga tairi kwenye kona. Uma huinama kuelekea mbele, na kama breki ni ya sahani, sahani hukaa upande wa kushoto wa mwendeshaji. Kisha pedali. Ya kushoto ina hesi za kinyume: hukazwa kwa kuzungushwa kushoto. Ukiilazimisha kwenda kulia utakula hesi za mkono wa pedali, na mkono mpya utaununua wewe. Kati ya pedi za breki utakuta kipande cha plastiki. Kitoe, na usibane breki kabla gurudumu halijaingia, maana pedi zitafungana na kuzitenganisha ni kazi.

Breki hizo zinastahili heshima. Baiskeli ya umeme ina kilo 22 hadi 25. Nikiri hapa kwamba Black Mamba nayo ilikuwa na kilo zaidi ya 20, kwa hiyo wanaosema baiskeli za umeme zimekuwa nzito mno wamesahau zilikotoka zetu. Tofauti ni mwendo, na mwendo ndio unaodai breki. Black Mamba haikufika kilomita 25 kwa saa kwenye barabara tambarare isipokuwa mwenyewe anakimbizwa.

Sasa rudi kwenye ekseli isiyozunguka, maana hapo ndipo mambo yalipo. Mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli nayo husukumwa nyuma kwa nguvu ileile. Isaac Newton alilieleza hilo mwaka 1687. Kinachoizuia ekseli isigeuke ni kwamba imechongwa bapa pande mbili, unene wa milimita 10 hivi, ikakaa ndani ya mwanya wa fremu ulio na upana huohuo. Piga hesabu. Mota ndogo hutoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 40 hivi. Nguvu hiyo ikiishia kwenye kipande cha chuma cha milimita 10, kingo za ekseli zinausukuma mwanya wa fremu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 400. Nati ikilegea, kila ukiwasha mota ekseli hucheza kidogo, mwanya hupanuka kidogo, hadi siku ekseli itakapogeuka mzima mzima, izinyonge waya zake na gurudumu litoke. Ndiyo sababu ya kuwepo washa ya ajabu yenye ulimi mdogo, na kwenye baiskeli nyingine mkono wa chuma unaoishika ekseli na kuifunga kwenye fremu. Ulimi ule unatakiwa uingie ndani ya mwanya. Washa ikiwekwa juu chini, ni pambo.

Kiwandani huwekwa sawasawa. Shida huja siku ya pancha ya kwanza, na huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi, pancha haikawii, kwa misumari ya mijengo na vioo vilivyomwagwa kila mahali. Gurudumu la mbele hutoka bila maneno. La nyuma lina waya: sharti kwanza uchomoe kiunganishi kilicho karibu na ekseli, ukate tai za plastiki, ndipo ulegeze nati. Fundi mzuri wa kona hulijua hili upesi kuliko mtu wa simu na kompyuta, kwa kuwa mkono wake unajua nati iliyokaza na nati iliyodanganya. Mkabidhi baiskeli, lakini simama karibu.

“Fundi, hiyo washa ilikuwa imeangalia wapi?”

“Ndani, mkubwa. Nimeiwekea alama na chaki.”

Huyo mwachie kazi. Mwombe tu waya itoke ikiangalia chini, ili mvua ya Aprili ikishuka, maji yadondoke badala ya kuifuata waya hadi ndani ya mota.

Kuna kitu kimoja ambacho fundi huyo hapaswi kukigusa, naye akiwa mwaminifu atakwambia mwenyewe. Betri ya volti 36 ni seli ndogo za mviringo, kila moja milimita 18 kwa 65, zilizopangwa safu kumi, kila safu ikitoa volti 3.6. Ikijaa hufika volti 42. Kwa betri ya ampea-saa 10, seli zaweza kuwa 40, na bodi ndogo ya ulinzi huzichunguza zisijazwe kupita kiasi wala kukaushwa. Seli moja ikiumia na kupata moto huiunguza jirani yake, na jirani huiunguza inayofuata, na moto wa namna hiyo hauzimwi kwa ndoo. Betri iliyofunguliwa kando ya barabara ili “kuongezewa nguvu” si ya kuingizwa nyumbani.

Na nyumbani penyewe ni chumba kimoja, mlango mmoja. Nafasi pekee ya kuegesha baiskeli ni nyuma ya mlango, na soketi mara nyingi iko hapohapo. Basi ichomoe betri kwa funguo yake, ichaji mbali na godoro na mbali na njia ya kutokea, juu ya sakafu tupu, ukiwa macho. Chaja ya ampea 2 huchukua saa tano hivi, ikila umeme wa wati 90 au 100 tu, kwa hiyo mwenye ploti hana sababu ya kulalamika kwamba unalipua mita.

Gharama ndiyo inayowafanya watu wacheke. Betri hiyo inabeba wati-saa 360. Ukiongeza unaopotea kwenye chaja, haifiki nusu ya uniti moja ya stima. Kwa bei ya kuzunguka shilingi 30 kwa uniti, unajaza betri kwa chini ya shilingi 15. Ukikanyaga nawe, kilomita moja hula wati-saa 10 hivi, kwa hiyo kutoka Umoja hadi mjini na kurudi, kama kilomita 20, betri inabaki na akiba. Asubuhi itakula zaidi kuliko jioni, maana Nairobi imeinamia mashariki: kwenda mjini ni kupanda, kurudi ni kuteremka. Sheria ya Fedha ya 2023 iliziweka baiskeli za umeme kwenye orodha ya bidhaa zenye VAT ya sifuri, ingawa bei dukani bado inauma.

Umeme wenyewe hupita karibu na mtaa. Nyaya kubwa kutoka mabwawa ya Mto Tana zinatua Dandora na Embakasi, hatua chache kutoka Kayole, na karibu asilimia 40 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria. Usiku, watu wakilala, mvuke mwingine huachwa upae hewani kwa kukosa wanunuzi. Kwa faida ya taifa ungechaji saa nane usiku. Kwa usalama wako, chaji saa mbili, mkila chajio.

Baada ya kilomita 100 za kwanza mrudie yule fundi hata kama hakuna kilichoharibika. Spoki za gurudumu la mota ni fupi na nene, zinavutwa na uzito wa mota na kusukumwa na nguvu yake kwa pamoja, na wiki za kwanza zikizoea kukaa kwenye rimu hulegea. Atainua gurudumu, alizungushe polepole, azigonge spoki kwa spana moja baada ya nyingine akitega sikio. Inayolia nzito kuliko wenzake imelegea. Ataikaza robo zamu, kisha atashika nati mbili za ekseli, kwanza kulia halafu kushoto.