Ziwa Owens: maji yalienda, vumbi likabakia

Tulikuwa tunafuata barabara 395, mu jangwa la California, kule Marekani, dereva akapunguza mwendo ili tuone ziwa. Tukaangalia. Maji yako wapi? Tuliona paka chumvi nyeupe, matope, na fasi zingine maji mekundu kama damu. Ni vijidudu vyenye kupenda chumvi ndivyo vinayapatia rangi ile.

Hili ni ziwa Owens. Wenyeji Wapaiute wanaliita Patsiata. Zamani lilikuwa na maji ya kubeba hata masua ya moshi! Mu mwaka 1872, masua Bessie Brady ilianza kuvusha fedha na risasi kutoka mgodi wa Cerro Gordo, kule juu ya mlima. Ngambo ya pili, magari ya kukokotwa na nyumbu yalipokea mzigo mpaka Los Angeles. Na wenye kuyeyusha mawe walihitaji makala. Miti ya milima ikakatwa. Tanuri mbili za makala, za udongo, zingali karibu ya barabara, mvua imezikula nusu. Bandugu wa Katanga, hapo hatuna kitu cha kuwafundisha.

Lakini si wachimbaji ndio walimaliza ziwa. Ni muji. Mu 1913 Los Angeles ilimaliza mfereji wa zaidi ya kilometa 370, ikabeba mto Owens wote. Kufika 1926, ziwa lilikuwa karibu kavu. Basi upepo ukaanza kazi yake. Vumbi lile ni jembamba sana, liko na arseniki ndani, linaingia mu mapafu. Kwa miaka mingi hakukuwa fasi ingine mu Marekani yenye kutosha vumbi la namna ile kupita hapa. Watu wa Keeler, kijiji cha pembeni, walikuwa wanalivuta.

Walilalamika, sheria ikaendelea, na muji ukalazimishwa kulipa. Tangu 2001 inatandaza changarawe, inarudisha maji kidogo kidogo na mabomba. Imekwisha kutumia dola zaidi ya miliari mbili. Ziwa lenyewe halikurudia. Ila ndege wamerudia, kwa maelfu, juu ya maji yasiyofika hata magoti.

Tulishuka, tukatembea kidogo. Tulipopanda tena mu gari, viatu vyetu vyote vilikuwa vyeupe.