Kupanda Mlima Huku Magoti Yakitetemeka

Je, wewe ukichungulia chini kutoka ghorofa ya tatu, tumbo hukaza? Je, jamaa wakipanga kupanda mlima, wewe ndiwe hujitolea kubaki chini kulinda vikapu vya chakula? Basi hauko peke yako. Wako kina mama wengi waliozaa, wakalea na kuongoza nyumba bila kutishika, lakini ambao miguu huwalegea mara tu wanapoona ardhi iko mbali chini yao.

HOFU HII HUTOKA WAPI?

Kuogopa mahali pa juu si upumbavu, wala si ukosefu wa imani. Ili usimame wima, mwili hutegemea mambo matatu: macho, viungo vilivyo ndani ya sikio, na hisia za misuli na nyayo. Ukiwa jikoni, macho huona ukuta na meza vilivyo karibu, na hivyo hujua mara moja unapoyumba. Lakini ukingoni mwa mlima, vitu vyote vilivyo mbele yako viko mbali. Macho hukosa cha kushikilia, nawe huhisi kana kwamba unaanguka. Ndiyo sababu kutazama jiwe au kichaka kilicho karibu hutuliza kizunguzungu.

Tena hofu hii huanza mapema. Mwaka 1960, Eleanor Gibson na Richard Walk wa Marekani walieleza jinsi walivyowaweka watoto wanaotambaa juu ya meza yenye kioo, ambayo upande wake mmoja ulionekana kama shimo. Watoto wengi walikataa kuvuka upande huo, hata mama zao walipowaita.

Mwaka 1985 watafiti wengine walifanya jaribio kama hilo kwa watoto wa mwaka 1, lakini shimo halikuwa refu sana. Mama alipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Mama alipoonyesha uso wa hofu, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja.

Mama mwenzangu, hebu litafakari jambo hilo. Mtoto husoma uso wetu kabla hajasikia maneno yetu. Mimi lilinigusa sana, kwa maana binti yetu wa miaka 9 alikuwa ameanza kunishika sketi na kufumba macho kila tulipovuka barabara kuu kwa daraja la waendao kwa miguu. Kwa hiyo baba watoto alipopendekeza twende Longonot wakati wa likizo, nilikubali.

MLIMA WA MATUTA MAKALI

Mlima Longonot uko katika Bonde la Ufa nchini Kenya, karibu na Naivasha. Kilele chake kina urefu wa mita 2,776. Jina lake latokana na neno la Kimaasai linalomaanisha mlima wenye matuta mengi makali, na kweli unastahili jina hilo. Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko, yaani lile shimo kubwa la volkano, ni kilomita 3.1. Anayetaka kuuzunguka ukingo wote huongeza kilomita 7.2.

Mwanzoni njia ni ya taratibu. Kisha huinuka ghafula, nayo ina vumbi jingi na changarawe zinazoteleza. Binti yangu na mimi tulipatana hivi: tutahesabu hatua 20, tusimame, tutazame majani yaliyo karibu, tuvute pumzi, kisha tuhesabu tena. Hatukutazama kilele wala bonde.

Tulipofika ukingoni, niliketi chini mbali na shimo. Magoti yalikuwa yakitetemeka. Binti yangu akaniuliza, “Mama, unaogopa?”

Nikamjibu, “Naam, ninaogopa. Lakini tumefika.”

Akaketi kando yangu. Polepole tukainua macho tukauona msitu uliomo ndani ya kasoko, na ng'ambo ya pili maji ya Ziwa Naivasha. Baba yake na kaka yake waliendelea hadi kileleni. Sisi tulitembea nao kidogo, hadi njia ilipokuwa nyembamba, tukarudi. Hakuna aliyetucheka. Siku hiyo binti yangu aliona kwamba mtu anaweza kuogopa na bado akapiga hatua.

UKITAKA KUJARIBU

• Anza na padogo. Panda ngazi za jengo refu, kisha kilima cha karibu na kwenu. Hofu hupungua mtu anapoizoea kidogo kidogo, si anapolazimishwa.

• Mweleze mapema mume wako au kiongozi wa safari. Mwombe atembee upande wa bonde, nawe utembee upande wa mlima.

• Ondokeni asubuhi. Vaa viatu vyenye soli isiyoteleza, na uchukue maji ya kutosha, kwani jua la Longonot ni kali.

• Hifadhi nguvu za kushuka, maana hapo ndipo wengi huteleza. Piga hatua fupi, kunja magoti kidogo, na ushike fimbo.

• Jiwekee mahali pa kurudia. Kurudi ukiwa mzima si kushindwa.

Na ikiwa hofu inakuzuia hata kupanda ngazi za hospitali au kuvuka daraja, muone daktari. Msaada upo, na wengi wamepona.

Watoto wetu hawahitaji mama asiyejua hofu. Mama wa namna hiyo hawezi kuwafundisha la kufanya watakapotishika wao. Wanamhitaji yule anayewashika mkono, akasema kweli, kisha akahesabu: moja, mbili, tatu.