Kufundisha Watoto Wadogo Kusoma Nyumbani kwa Vitabu vya Mazoezi ya Sauti: Mfano wa Kakamega

Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo ambalo sisi wa idara za lugha tumezoea kuwaachia walimu wa chekechea na wenye maduka ya vitabu. Nalo ni matumizi ya vitabu vya mazoezi ya sauti katika kumfundisha mtoto mdogo kusoma akiwa nyumbani. Tuna maana ya vile vijitabu vyenye picha, mistari ya kufuatishia kwa penseli na nafasi za kujaza, ambavyo humfunza mtoto kwamba kila herufi ina sauti yake, na kwamba sauti hizo zikiunganishwa huzaa neno. Mtoto hafundishwi kwanza jina la herufi, bali mlio wake. Dai letu ni kwamba njia hii yenyewe haina ubaya. Ubaya ni kwamba vitabu tunavyovikuta madukani Kakamega vimejengwa aghalabu juu ya sauti za Kiingereza, na mtoto anayevitumia hutwishwa kazi mbili ilhali mzazi wake anadhani amempa moja.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Niliporudi kutoka Uingereza baada ya kupata shahada ya uzamili, nilimletea binti yangu kitabu cha aina hiyo. Shule zilipofungwa nchini Kenya mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya korona, tulihamia kwa mama yangu mzazi, upande wa Shinyalu, na kila asubuhi mimi na binti tulikaa barazani na kitabu chetu. Kwa herufi u palikuwa na picha ya mwavuli, kwa kuwa neno la Kiingereza umbrella huanza na herufi hiyo. Lakini mimi, kama Wakenya wengi, hulitamka neno hilo kwa kuanzia na a. Basi mtoto akajifunza kwamba u hulia a. Baada ya majuma machache nilimwandikia neno kuku. Akalitazama, akalitamka sauti moja moja, akasema: “Kaka.” Nikamsahihisha. Akarudia vile vile, machozi yakimlengalenga, maana alikuwa amefanya hasa kama nilivyomfundisha. Mama yangu, aliyekuwa akichambua mboga karibu nasi, akaniuliza: “Baba, huyu mtoto hajui kuku, naye ndiye anayewatupia mtama kila jioni?” Sikuwa na jibu la kumpa.

Kisa hiki kidogo kinaonyesha jambo kubwa la kiisimu. Irabu za Kiswahili ni tano, na kila moja ina herufi moja isiyobadilika popote iwapo katika neno. Irabu za Kiingereza ni nyingi kuliko herufi za kuziandikia, kwa hiyo herufi moja hubebeshwa sauti kadhaa. Mtoto aliyeanzia huko huja kwenye Kiswahili akiwa na shaka na herufi ambazo hazistahili kutiliwa shaka. Majina ya herufi huzidisha tatizo hilo. Katika nyumba nyingi mtoto huimba alfabeti kwa Kiingereza kabla hajaanza kusoma chochote: herufi a huiita “ei”, e huiita “ii”, na i huiita “ai”. Usishangae basi akikutana na neno meza akasoma “miza”. Hakukosea kwa uzembe. Ameiita herufi kwa jina alilopewa.

Yafaa ikumbukwe kwamba ugumu huu ni wa mwandiko wa Kiingereza, si wa watoto. Uchunguzi wa Seymour, Aro na Erskine uliochapishwa mwaka 2003 uliwalinganisha watoto wa lugha 13 za Ulaya mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza wa kusoma. Watoto wa Finland walisoma sawasawa asilimia 98 ya maneno ya kawaida waliyopewa. Watoto wa Scotland, waliosoma kwa Kiingereza, walipata asilimia 34. Kiswahili, kwa jinsi kinavyoandikwa, kimekaa upande wa Kifini. Mzazi wa Kakamega anayeanza na kitabu cha Kiingereza ili “kumtangulizia” mtoto amechagua njia ndefu zaidi, tena amelipia nauli.

Tofauti ya pili imo katika silabi. Kitabu cha Kiingereza hujengwa juu ya maneno mafupi yenye silabi funge, yale ya herufi tatu yanayoishia kwa konsonanti, na kurasa nyingi hutumika kubadilisha konsonanti ya mwanzo ili mwisho ubaki ule ule. Silabi za Kiswahili ni wazi, isipokuwa katika maneno ya mkopo kama vile maktaba na daftari. Mchezo ule wa miisho kwetu hauna maana, kwa sababu karibu kila neno letu huishia kwa irabu. Ugumu wetu ni urefu wa maneno. Mtoto anayeweza kusoma soma bila shida hutishika mbele ya hawakusoma au wanapokwenda, kwa kuwa neno zima la Kiswahili huweza kubeba sentensi nzima ya Kiingereza. Kitabu cha mazoezi kilichotungwa kwa ajili ya Kiswahili hakina budi kuwa na kurasa za kurefusha neno kidogo kidogo: soma, anasoma, wanasoma, hawasomi, hawakusoma. Kurasa kama hizo hatutazipata katika kitabu kilichotafsiriwa, hata kama tafsiri yake ni nzuri.

Wako wenzetu watakaosema kwamba dawa tunayo tangu zamani, yaani ba be bi bo bu. Ni kweli kwamba wazee wetu waliosomea madarasa ya misheni walianza kwa jedwali la silabi, nao walisoma. Lakini jedwali hilo lina hatari yake. Mtoto huweza kuliimba lote kwa moyo huku kidole chake kikitembea mahali pengine kabisa. Ukimwonyesha bo peke yake, hana budi kuanza tena kutoka ba ndipo aifikie. Vilevile, walimu wengi huzitaja konsonanti kwa kuzitia irabu a, yaani ba, cha, da, fa. Nimepata kumwona mtoto akiandika baba kwa herufi mbili tu, bb, na kwa mantiki ya mafunzo aliyopewa alikuwa sahihi: kama b ni “ba”, a ya nini tena? Hapa ndipo njia ya sauti ina faida. Humfundisha mtoto kuipasua silabi na kuona kwamba ba na bi zina kitu kimoja cha pamoja na kingine kilicho tofauti. Kwa maoni yangu, silabi itangulie, kisha ipasuliwe mapema, kabla wimbo haujamganda mtoto kichwani.

Pana silabi moja ambayo jedwali la zamani haliionyeshi kabisa. Ni ile m inayosimama bila irabu katika mtu, mti, mtoto. Mtoto wa Kiwanga husema omundu, wa Kiisukha husema mundu, na wote wawili wana u baada ya m. Wakifundishwa ma me mi mo mu tu, kisha wakakutana na mtoto, husoma “mutoto”, kwa sababu sikio na jedwali vyote viwili vinawaambia kwamba u imesahaulika. Dawa ni nyepesi. Mtoto na apige makofi: m-tu, makofi mawili, m-to-to, makofi matatu.

Sasa tuje kwenye jambo zito zaidi, nalo ni sikio ambalo mtoto wa Kakamega huja nalo kwenye somo. Lugha za Kiluhya ni nyingi, na hatutaingia katika mjadala kama ni lugha au lahaja. Inatosha kusema kwamba katika kadhaa kati ya hizo, mathalan Kiwanga na Kiisukha, vipasuo ghuna havisimami peke yavyo. Hupatikana baada ya nazali tu. Msemaji wa Kiwanga anayo mb katika imbwa (mbwa), nd katika inda (tumbo), na ng katika ingo (nyumbani). Lakini g peke yake hana; penye g katika Kilogooli, kama vile kugona (kulala), Kiisukha kina k, khukona. Ile herufi b inayoandikwa katika abandu si kipasuo, bali ni kikwamizo cha midomo miwili. Ndiyo sababu gari huwa “kari” na dawa huwa “tawa” katika vinywa vya wengi wetu, jambo ambalo wachekeshaji wa redioni wamelifanyia biashara.

Mwandishi wa vitabu akilielewa hili, atabadilisha mpangilio mzima. Katika vitabu vinavyofuata Kiingereza, b, d na g huja mapema, na konsonanti zilizoambatana huja mwishoni kwa kuwa huhesabiwa kuwa ngumu. Kwa mtoto wetu mambo ni kinyume. Mb, nd na ng ni sauti za nyumbani kwao, na b, d, g ndizo ngeni. Basi aanze na mbuzi, ndizi na ngoma, ambazo anazijua kwa sikio na kwa mkono. Kisha aondolewe nazali taratibu: ndege na dege, nguo na guo, ngoma na goma. Watoto huyapenda sana maneno hayo ya ukubwa, na huku wakicheka huwa wameitenga g kutoka katika ng. Baada ya hapo ndipo zije jozi za kutofautisha, kila moja na picha yake: koti na goti, panda na banda, toa na doa. Jozi hizi tunazitumia sisi vyuoni kuwafundishia wanafunzi wetu dhana ya fonimu. Sioni kwa nini zisimfae mtoto wa miaka mitano.

Ningependa kusisitiza hapa kwamba matamshi si kusoma. Mtoto aliyeona gari, akasema “kari”, kisha akakuonyesha gari barabarani, amesoma. Aliyesema “gari” vizuri bila kujua alichosema, hajasoma. Mzazi au mwalimu asiyetenganisha mambo haya mawili humrudisha nyuma mtoto mwenye akili kwa sababu ya lafudhi ya mama yake. Nimewasikia wazazi, tena wenye elimu, wakimwita mtoto wa namna hiyo mzito. Neno hilo mtoto hulisikia, na huenda nalo shuleni. Kwa upande wa tahajia, hata hivyo, tofauti hiyo ni lazima ifundishwe. Alcock na Ngorosho, katika utafiti wao wa mwaka 2003 juu ya tahajia ya watoto wa Tanzania, walionya kwamba hata lugha inayoandikwa kwa kanuni zisizobadilika haiandikiki kwa urahisi hivyo.

Sera za nchi zimeyumba katika jambo hili. Ripoti ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza Kiingereza tangu darasa la kwanza. Ile ya Gachathi ya mwaka 1976 ikarudisha lugha ya eneo la shule katika miaka mitatu ya mwanzo. Mradi wa PRIMR ulijaribu vitabu vya lugha za mama Machakos kwa Kikamba na Bungoma, jirani zetu, kwa Kibukusu. Mradi wa Tusome, ulioenea nchini kuanzia mwaka 2015, ulikuwa wa Kiswahili na Kiingereza, na uliwazoesha walimu wengi kufundisha mlio wa herufi. Kwa Kakamega swali la lugha ya mama halina jibu rahisi, kwani jaribio la miaka ya 1940 la kuunda Kiluhya kimoja cha maandishi halikukubaliwa na wote, hasa Walogooli waliokuwa na mwandiko wao tayari. Kwa sababu hiyo Kiswahili, kikifundishwa kwa kuyajua masikio ya Kiluhya, ndicho ninachokiona kuwa mlango wa karibu zaidi.

Kuna sababu nyingine, na hii ni ya nyumbani hasa. Kitabu cha Kiingereza humtoa bibi katika kazi ya kufundisha. Mama yangu husoma Kiswahili bila kusita, lakini miezi ile yote alikaa pembeni akituangalia, kwa kuwa kitabu kilimwambia kwamba hajui kusoma. Katika nyumba ambamo wazazi hushinda kazini au shambani, kumwondoa yeye ni kuliondoa somo lenyewe. Tena vitabu hivi hujazwa mara moja tu. Penye watoto wanne, kilichojazwa na wa kwanza hufutwa kwa ufutio mpaka karatasi itoboke, na wa nne hurithi matundu.

Tuliacha kile kitabu. Mama alichukua daftari la mistari, akaanza kuchora mwenyewe, vibaya kidogo, na binti yangu akawa anampa maneno ya kuandika. Siku moja aliomba liandikwe jina analomwita bibi yake. Tukakaa kuliwaza, maana kh yake si ile ya Kiarabu iliyomo katika vitabu vyetu vya sarufi, na k peke yake isingetosha. Ukurasa huo ninao hadi leo. Una michoro miwili iliyopangwa pamoja, na chini ya kila mchoro neno lake: kuku, kukhu.