Jasusi 007 Amefia Kisiwani: Je, Afufuliwe?

Ubishi uliozuka mwaka 2021 baina ya wapenzi wa sinema za ujasusi haujapoa hata leo, wala hapana dalili kwamba utapoa karibuni. Chanzo chake ni filamu ya ishirini na tano katika mfululizo wa James Bond, iitwayo No Time to Die, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mjini London tarehe 28 Septemba 2021. Tangu Dr. No ya mwaka 1962, bwana huyu alikuwa amepigwa risasi, ametupwa baharini, amefungwa pingu kwenye bomu, na kila mara alitoka akipangusa vumbi la suti yake. Safari hii hakutoka. Alikufa, tena mbele ya macho yetu, na tangu hapo watazamaji wamekuwa kambi mbili zisizosikizana.

Kambi ya kwanza inasema shujaa wa namna hii hafi, na aliyemwua amewaibia watazamaji. Ya pili inasema kwamba baada ya miaka karibu sitini, hatimaye wametuonesha mtu na si sanamu. Sasa filamu ya ishirini na sita inatengenezwa, na swali limerudi kwa nguvu mpya: mtu aliyekwisha kufa atarudije?

Katika nyumba nyingi ubishi huu ni wa kupitishia jioni tu. Katika nyumba ya askari una uzito mwingine, maana mle ndani kuna mtu ambaye kila akivaa sare na kufunga mkanda, yupo anayemtazama akitoka mlangoni na kuhesabu saa.

Kwa faida ya wasioiona filamu hiyo, na waliosinzia kabla ya mwisho (nao wana udhuru, kwani ni ya saa mbili na dakika arobaini na tatu), kisa chenyewe ni hiki. Bond amestaafu, kisha anarudi kazini. Anamkuta tena Madeleine Swann, mwanamke aliyemwacha kwa kumshuku bure, naye ana binti wa miaka mitano, Mathilde. Adui yao, Safin, anawateka mama na mtoto na kuwapeleka katika kisiwa kilichoko kati ya Japani na Urusi, ambako ana kiwanda cha sumu. Sumu yenyewe ni vimashine vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyotambua vinasaba vya mtu na kumwua yeye na watu wa damu yake. Bond anawaokoa wawili hao, wanaondoka kwa mashua, naye anabaki ili kufungua milango mizito ya kiwanda na kuyapa njia makombora ya manowari ya Uingereza. Hapo Safin anampiga risasi na kumwambukiza sumu iliyotengenezwa kwa vinasaba vya Madeleine na Mathilde. Maana yake ni kwamba hata akipona hawezi tena kuwagusa, kwani akiwagusa watakufa. Anamwua Safin, anafungua milango, anapanda juu, anazungumza na Madeleine kwa redio, na makombora yanashuka. Katika kanda za suruali yake alikuwa amechomeka kisungura cha kitambaa cha yule mtoto.

Ndivyo alivyokufa. Naam, na alifia kisiwani.

Neno hilo, kisiwa, laweza kupita sikioni mwa mtazamaji wa London bila kumgusa. Halipiti hivyo sikioni mwa mtu wa Kudhaa. Kudhaa ni mojawapo ya Visiwa vya Bajuni, vilivyopangika sambamba na pwani ya Somalia kutoka Kismayo kwenda kusini kuelekea Rasi Kiamboni. Wenyeji wake husema Kibajuni, tawi la Kiswahili cha kaskazini, na riziki yao tangu jadi ni mashua, nyavu na madema. Baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walilazimika kuvuka na kukimbilia Lamu, Malindi na Mombasa, na wengine wakafika hata Uingereza, nchi ya huyo huyo Bond. Mtu wa namna hii akitazama mfululizo huu tangu mwanzo ataona jambo moja la ajabu: katika sinema hizi kisiwa karibu kila mara ni pango la mwovu. Dr. No alikuwa na kisiwa chake mwaka 1962. Katika You Only Live Twice ya 1967 adui alijificha ndani ya volkeno ya kisiwa cha Japani. Mwenye bastola ya dhahabu, mwaka 1974, naye alikuwa na chake. Hata Skyfall ya mwaka 2012 ina kisiwa kilichohamwa, chenye magofu na mtu mbaya mmoja. Wavuvi wako wapi? Watoto wanaooga ufukweni je, na mwanamke anayesuka mkeka kivulini? Aghalabu hawamo, ama huonekana kidogo na kusahauliwa, kwa kuwa kisiwa kimeandaliwa kwa ajili ya kulipuliwa, na kulipua penye watu kungemtia aibu shujaa.

Kudhaa penye watu pamepigwa vita kweli. Novemba 2014 wapiganaji wa Al-Shabaab walikishambulia kisiwa hicho, wakapambana na askari wa utawala wa Jubaland. Hapakuwa na wimbo wa kufungia sinema.

Hata kule kutazama sinema kwenyewe hakukuwa jambo dogo katika pwani ile. Kismayo ilipokuwa mikononi mwa Al-Shabaab, filamu zilipigwa marufuku pamoja na muziki, na hata kutazama mpira kulikuwa hatari. Majeshi ya Kenya, pamoja na wenzao wa Somalia, yaliuingia mji ule kutokea baharini na nchi kavu mwishoni mwa Septemba 2012. Mwezi uliofuata, tarehe 23 Oktoba, Skyfall ilizinduliwa London. Basi kijana wa Kismayo anayebisha leo juu ya nani alikuwa Bond bora, Sean Connery au Daniel Craig, anafanya jambo ambalo zamani lingemponza.

Turudi kwa wabishi wetu. Wale wa kambi ya kwanza wasidharauliwe, kwani hoja yao ina mizizi hata katika Kiswahili. Wasomaji wa rika fulani walikuzwa na Willy Gamba, mpelelezi wa Elvis Musiba, aliyeanza kazi mwaka 1974 katika Kufa na Kupona, kisha akaendelea katika Kikosi cha Kisasi, Njama na Hofu. Vitabu vile vilipita mkono kwa mkono mpaka majalada yakang'oka. Msomaji aliyafungua akijua kwamba Willy atatumwa, atanaswa, atajinasua na atarudi. Uhakika huo ulikuwa nusu ya utamu. Askari aliyetoka lindo usiku kucha hahitaji kukumbushwa kwamba watu hufa. Hilo analijua kuliko mtunga filamu. Anataka kwa muda wa saa mbili amwone mmoja asiyekufa. Ni haki yake, na sioni kosa ndani yake.

Lakini mke wa askari huyo akikaa kiti cha pili, huenda akatazama kitu kingine kabisa. Atauliza: huyu bwana ana nani nyumbani? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa hana. Mara moja tu walimwoza rasmi kwa mapenzi, katika On Her Majesty's Secret Service ya mwaka 1969, na bibi arusi akapigwa risasi garini siku ile ile ya arusi. Baada ya hapo ilikuwa mwanamke huyu leo, yule kesho, na hakuna aliyengoja barua wala simu. Mtu asiye na wa kumlilia ni rahisi kumtuma popote. Hiyo ndiyo siri ya filamu zile za zamani, na ndiyo sababu kifo hakikuwa na maana ndani yake: maadui walianguka kama nazi kwenye dhoruba, na sisi tukaendelea kutafuna karanga.

No Time to Die imempa mtu huyu mtoto, na papo hapo kila hatari ikapata bei. Hapa ndipo mimi naiacha kambi ya kwanza na kuhamia ya pili. Januari 2016 kambi ya askari wa Kenya ilishambuliwa huko El Adde, mkoani Gedo, mbali na pwani tunayoizungumza. Miili mingine ilibidi kutambuliwa kwa vinasaba, na zipo nyumba ambamo siku zile za kungoja hazitasahaulika. Katika filamu vinasaba ni silaha ya kumtenga baba na mtoto wake. Katika maisha vilitumika kumrudisha baba kwa watu wake, japo amekwisha kuwa maiti. Sidhani waandishi wa filamu walikuwa na habari ya El Adde. Lakini mjane akitazama mahali pale ambapo Bond anazungumza kwa redio na asiweze kurudi, hahitaji kuelezwa anachokiona.

Upo ubishi mwingine mdogo ndani ya huo mkubwa. Bond alipostaafu, namba 007 alipewa mwanamke mweusi, Nomi, aliyeigizwa na Lashana Lynch, na baadhi ya watazamaji wakapiga kelele kwamba shujaa ameporwa namba. Kwa mtu wa jeshi kelele hizo ni za kuchekesha. Namba ya askari ni ya askari, lakini wadhifa ni wa kazi, na mtu akiondoka mwingine hushika. Ndani ya filamu yenyewe Bond analikubali hilo upesi kuliko washabiki wake.

Na kwa kuwa tumegusa namna wageni wanavyotuchora, Casino Royale ya mwaka 2006 mapema inaonesha kambi ya waasi wa Lord's Resistance Army, na maandishi yanasema tuko Mbale, Uganda. Mbale iko mashariki, chini ya Mlima Elgon. Vita vya waasi wale kiini chake kilikuwa kaskazini, nchi ya Waacholi. Picha zenyewe zilipigwa Uingereza. Jasusi asiyejua ramani angefukuzwa kazi wiki ya kwanza. Ian Fleming, aliyemtunga Bond mwaka 1953, alitumikia idara ya upelelezi ya jeshi la majini la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, tena zaidi mezani, penye mafaili na ramani. Yeye angeliona kosa hilo.

Kuhusu filamu ijayo, yanayojulikana ni haya. Februari 2025 kampuni ya Amazon MGM ilichukua mamlaka ya utunzi wa mfululizo huu kutoka kwa Barbara Broccoli na Michael G. Wilson, ambao ukoo wao uliusimamia tangu mwanzo. Juni mwaka huo huo alitangazwa Denis Villeneuve wa Kanada kuwa mwongozaji, na baadaye Steven Knight kuwa mwandishi. Wengi wanatazamia kijana mpya atakayeanza upya, kana kwamba kisiwa kile hakikulipuliwa kamwe. Biashara inaweza kufanya hivyo bila haya, na maandishi ya mwisho ya No Time to Die yenyewe yaliahidi kwamba James Bond atarudi. Mimi ningependa wasimfufue. Wampe mtu mwingine wadhifa, ana kwao, ana wa kumngoja. Na kama lazima wampeleke kisiwani, basi kiwe na wenyeji.

Wazazi watakaoikodi No Time to Die wajue kwamba Uingereza iliipa daraja la 12A, yaani mtoto aliye chini ya miaka kumi na miwili haruhusiwi kuingia ukumbini bila mtu mzima. Mwanzoni mna mauaji ya mama mbele ya binti yake, ambayo yawatisha wadogo kuliko mabomu yote yanayofuata. Na katika nyumba ambayo baba yuko safarini kikazi, afadhali filamu hii ingojee mpaka arudi, itazamwe naye akiwapo.