Amri ya Kwanza kwa Ruta Iliyo Kamsamba

Kutoka Mlowo, unapoiacha lami ya barabara kuu ya Tunduma, hadi Kamsamba kwenye bonde la mpunga la mto Momba, ni karibu kilomita 130. Masika hakuna anayekuahidi saa ya kufika.

Chukulia kuna ruta huko, na fundi wake yuko Tunduma. Akitaka kuirekebisha, anafungua dirisha jeusi na kuandika amri. Ruta nyingi zina ukurasa wa kubofya, na kwa nyumbani unatosha. Ila ukurasa huo una picha na vitufe vya kupakua. Mtandao ukisuasua, unazunguka tu. Amri ni herufi ishirini, thelathini, nazo zinafika. Tena unaweza kuzinakili na kumtumia mwenzako kwa WhatsApp azikague kabla hujaharibu.

Mlango wa kuingilia ni SSH, aliyoitunga Tatu Ylönen wa Ufini mwaka 1995 baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake. Telnet iliyoitangulia hupitisha nywila wazi. Bado kuna wanaoiacha imewashwa, na kwangu huo ni uzembe.

Kwenye vifaa vya Cisco, alama iliyo mwisho wa jina la kifaa inakuonyesha umefika wapi. Ukiona > uko barazani, unatazama tu. Andika "enable", toa nywila, inakuja #: umekaribishwa ndani. "configure terminal" inakuingiza jikoni, na huko kila mstari unaanza kazi papo hapo ukibonyeza Enter. Mara nyingi hakuna wa kukuuliza kama una uhakika.

Tazama kosa hili. Swichi inapitisha mitandao pepe miwili, 10 na 20, kwenye waya mmoja, nawe unataka kuongeza wa 30. Unaandika "switchport trunk allowed vlan 30". Basi hukuongeza kitu. Umeifukuza 10 na 20 na kubaki na 30 peke yake. Neno ulilosahau ni "add", kabla ya ile namba. Na kama wewe mwenyewe uliingilia kwenye 10, dirisha linaganda: umekata tawi ulilokalia. Kilichobaki ni kompyuta mgongoni, waya wa konsoli, na zile kilomita 130.

Ndiyo maana amri yangu ya kwanza kwa kifaa cha mbali ni "reload in 10". Baada ya dakika kumi kitajiwasha upya. Ulichobadilisha kiko kwenye kumbukumbu ya muda tu, kwa hiyo kikiwaka kinarudi kwenye mpangilio wa awali, nawe unaingia tena kama hakukutokea kitu. Sharti usihifadhi mapema. MikroTik za Latvia zina njia nyepesi zaidi: bonyeza Ctrl na X kabla ya kuanza, na muunganisho ukikatika mabadiliko yanatenguka yenyewe.

Kazi ikikubali, andika "reload cancel", halafu "copy running-config startup-config", maana umeme ukikatika kabla ya hapo ulichofanya chote kimepotea. Na ukiisahau ile "reload cancel", ruta itakukumbusha dakika ya kumi, ofisi nzima ikiwa kazini.