Volteji, Mkondo, Ukinzani na Nguvu: Istilahi Nne za Umeme

Katika mazungumzo ya kila siku neno "nguvu" hutwishwa mzigo mkubwa. Husemwa kwamba umeme leo una nguvu ndogo, kwamba pasi hii ina nguvu, na kwamba waya ile haikuhimili nguvu. Wasikilizaji huelewana, wala hatuna sababu ya kuyakataza mazungumzo hayo. Lakini katika kitabu cha mafunzo, au katika maelezo ya kutumia chombo, semi hizo zahusu mambo matatu mbalimbali: volteji, nguvu yenyewe na mkondo. Mfasiri akiyachanganya, msomaji hataweza kupiga hesabu iliyo sahihi.

Basi na tuzieleze istilahi hizo moja moja. Volteji ni msukumo unaoufanya umeme upite katika waya; hupimwa kwa volti. Mkondo ni kiasi cha umeme kinachopita mahali fulani kwa kila sekunde. Hupimwa kwa ampea. Ukinzani ni kadiri ambavyo kitu huuzuia mkondo usipite. Hupimwa kwa omu. Nguvu ni kiasi cha nishati kinachotumika kwa kila sekunde. Hupimwa kwa wati.

Georg Simon Ohm, mwanafizikia wa Ujerumani, alieleza mwaka 1827 kwamba katika waya ya metali isiyobadilika joto, mkondo huongezeka kwa kadiri ile ile inavyoongezeka volteji. Kwa hiyo, ukitaka kupata ukinzani, gawanya volteji kwa mkondo. Ukitaka kupata nguvu, zidisha volteji kwa mkondo.

Tuchukue mfano wa pasi iliyotengenezwa kwa matumizi ya Marekani, yenye kibandiko kinachoonyesha volti 120 na wati 1,200. Mkondo wake ni 1,200 ÷ 120, yaani ampea 10. Ukinzani wake ni 120 ÷ 10, yaani omu 12. Pasi hiyo ikichomekwa Tanzania, ambako umeme wa majumbani ni wa volti 230, ukinzani utabaki karibu ule ule. Mkondo utakuwa 230 ÷ 12, yaani ampea 19 na kidogo, na nguvu itafikia takriban wati 4,400. Hata fyuzi ya ampea 13 iliyomo katika plagi huenda isikatike upesi. Pasi inaweza kuungua, na pengine nyumba pia. Ni dhahiri, basi, kwamba mfasiri aliyeandika "nguvu ya umeme: 120" hakumwonya mtu yeyote.

Kwa sababu hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, katika maandishi ya kitaalamu neno "nguvu" litumike kwa kile kipimwacho kwa wati tu. Msukumo au mvuto wa vitu uitwe "kani", na uwezo wa kufanya kazi uitwe "nishati". Pili, tusiseme "volti" tunapokusudia "volteji". Volti ni kipimo, na volteji ndiyo ipimwayo, kama vile mita isivyokuwa urefu. Tatu, alama V, I, R na P ziachwe kama zilivyo, kwa kuwa mwanafunzi atazikuta katika vitabu vya lugha nyingine pia.

Istilahi moja ikishika dhana moja, hesabu hujieleza yenyewe.