Tulituma pesa ya sensa mara mbili, kumbe tatizo ni chujio tulilolituma wenyewe

Mwezi wa tatu uliingia ujumbe wa sauti kutoka Tanga: "Bosi, gari haina nguvu, taa ya injini imewaka, fundi anasema sensa ya hewa imekufa." Gari lenyewe ni Probox ambayo wawili kati yetu tunaimiliki kwa ubia. Inabeba machungwa kutoka Muheza na kutuletea hesabu kila Jumamosi. Tukatuma riyali 40. Sensa ikafungwa, gari likatulia wiki tano, halafu ujumbe uleule. Riyali 40 nyingine. Kwa mtu anayelala chumba cha watu sita na kuamkia zege, hizo si pesa za kuchezea.

Mara ya tatu tukasema hapana, tutumie picha kwanza. Picha ya boksi la chujio ikamaliza ubishi: chujio limelowa oili mpaka linadondosha. Na aibu yetu ni kwamba chujio hilo tulilinunua sisi, Wadi Kabir, tukalituma kwa mtu anayekwenda nyumbani. Lilikuwa lile jekundu la pamba, linalooshwa na kutumika tena. Tulijiona wajanja: vumbi la Muheza linamaliza chujio za karatasi, hili tutaliosha miaka.

Tatizo liko hivi. Chujio la karatasi ni kavu. Vumbi linanaswa kwenye mikunjo yake, likijaa unatupa. Lile la pamba matundu yake ni makubwa zaidi, kwa hiyo linahitaji mafuta maalumu yanayonata ili kushika vumbi. Mafuta hayo hupakwa kidogo, kwa kipimo, baada ya chujio kuoshwa na kukauka lenyewe. Dereva wetu hakuwa nayo. Akaliosha, akalimwagia oili ya injini. Hatumlaumu sana, maana hatukumtumia chupa ya mafuta wala maelezo, na mafundi wa zamani wanakumbuka Land Rover zilizokuwa na bakuli la oili kwenye chujio. Zile hazikuwa na sensa.

Sensa hii, ambayo mafundi huiita MAF, inakaa kwenye bomba mara baada ya chujio. Ndani ina waya mwembamba sana unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na umeme unaohitajika kuurudisha kwenye joto lake ndio unaoiambia kompyuta ya gari hewa iliyoingia ni kiasi gani. Petroli inapimwa kufuata hapo. Sasa waya ukishikwa na oili, halafu vumbi likanata juu yake, ni kama umevaa koti: haupoi kama inavyotakiwa. Kompyuta inadhani hewa ni kidogo, inapunguza petroli. Gari linatetemeka likiwa limesimama, na mlimani linakata pumzi. Unaweza kufunga sensa mpya kila mwezi. Chujio likiendelea kutema oili, nayo itachafuka.

Fundi mwingine aliichomoa ile ya pili na kuisafisha kwa dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa hiyo tu. Injini imezimwa na kupoa, waya wa betri umetolewa, anapuliza bila kugusa ule waya, anaacha ikauke kabisa ndiyo anairudisha. Asitumie petroli, wala dawa ya breki au ya kabureta, wala kitambaa, wala upepo wa kompresa. Waya ule ukikatika, hapo ndipo kweli utanunua sensa. Bomba nalo lifutwe oili yote. Gari likarudi kama zamani. Ile sensa ya kwanza, ya Toyota yenyewe, hatujui iliishia wapi. Labda nayo ilihitaji kupulizwa tu. Siku hizi hatutumi pesa ya spea kabla ya kuona picha ya ile iliyotolewa.

Hatusemi chujio la pamba ni baya. Likipakwa mafuta kwa kipimo na mtu anayejua, linafanya kazi. Lakini wewe uko Doha au Riyadh, gari liko Tandahimba, na wa kulipaka si wewe. Kwa gari la biashara tunapendekeza karatasi, basi. Unalikung'uta, huliloweki maji, hulipaki chochote, likijaa unabadilisha. Hakikisha vibano vya boksi vinafunga, maana vumbi linalopita pembeni nalo huenda moja kwa moja kwenye sensa.

Na ukiambiwa sensa imekufa, omba picha ya namba iliyotokea kwenye mashine ya kupimia. P0101 inaigusa sensa hii moja kwa moja. P0171 inasema tu kwamba petroli ni kidogo kuliko hewa. Inaweza kuwa sensa, inaweza pia kuwa bomba limepasuka linavuta hewa au pampu ya petroli imechoka. Baadhi ya magari hayana kabisa sensa hii, yanapima mgandamizo wa hewa badala yake, kwa hiyo uliza kwanza la kwako ni aina gani.

Sisi dereva tumemtumia ujumbe mfupi, nanyi mnaweza kuunakili: "Kaka, fungua boksi la chujio, piga picha pande zote mbili, pitisha kidole kwenye bomba uniambie kina oili au kikavu. Pesa baadaye."